Mimi Nani?

Saa nane usiku, Coventry, barabara ya mzunguko.
Tumeegesha gari la majaribio chini ya daraja
karibu na makutano namba saba.
Chai ya Gurpal imepoa kwenye kifuniko cha chupa.
Juu yetu magari yanaongea.

Si kwa honi, si kwa taa.
Mara kumi kila sekunde kila moja hutangaza:
niko hapa, naelekea huku, mwendo wangu huu,
nafunga breki.
La nyuma husikia, huamini, hupunguza.
Haliulizi limeambiwa na nani.

Nyumbani, mama hakuifungulia sauti.
Ukibisha hodi, ukaulizwa, ukajibu "mimi,"
alibaki nyuma ya mlango na mwiko mkononi:
"Mimi nani? Hata mwizi ni mimi."

Hilo ndilo swali ninalolipwa kuliuliza.

Jumanne iliyopita Gurpal aliweka kompyuta magotini
akajifanya magari arobaini.
Arobaini! Mtu mmoja, kiti kimoja,
soksi imetoboka kidole gumba,
akatangaza foleni kwenye lami tupu.
Basi letu la majaribio likasimama lenyewe,
mbele yake hakuna kitu
ila mbweha anayevuka kwa raha zake.
Dilys, aliyekaa kwenye usukani asioushika,
akatutukana kwa Kiwelisi
mpaka betri ya redio ikaisha.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema.
Hawakuiona hii: duara, makutano tisa.
Mwongo anaweza kuizunguka hadi alfajiri.

Basi tukaleta mihuri.
Kila ujumbe hutoka na saini yake,
hesabu ndefu isiyoigizika,
na gari linalopokea huikagua
kabla hujapepesa jicho.

Ila muhuri nao una mdomo.
Anayeuona leo Barabara ya Holyhead,
kesho mlangoni pa msikiti, keshokutwa kliniki,
atayajua maisha yako bila hata salamu.
Kwa hiyo gari hubadili jina kila dakika tano;
kila jina ni halali,
hakuna linalodumu.

Hapo sikuhitaji kuelezwa.
Kazini naitwa Kerry.
Mwanakheri liliwashinda tangu siku ya kwanza,
siku ya kuchapa kitambulisho.
Kerry ana saini, ana mshahara, ana kadi ya lango,
na nikivua koti jioni
hakuna anayemfuata Kerry mpaka kwangu.

Kisha ikaja ile Januari.
Mzee mmoja wa Binley, Terence Oakley,
gari lake la miaka mingi, cheti kimeisha muda
kwa sababu kampuni iliyokitoa ilifilisika
naye hakujua pa kukihuisha.
Lilikuwa mita mia mbili mbele yetu, likisema:
utelezi, makutano namba nne. Utelezi. Utelezi.
Na letu, lenye adabu zote nilizolifundisha,
likatazama muhuri, likasoma tarehe,
likatupa.

Tuliserereka kama sabuni bafuni.
Ukingo wa chuma ukatupokea ubavuni.
Chai yote ikamwagikia Gurpal;
alicheka, kisha akatetemeka kwa muda mrefu.

Kumbukumbu za mtambo ninazo bado:
mara ishirini na saba gari la mzee lilisema kweli,
mara ishirini na saba letu likaandika: haitambuliki.

Katika ripoti nikaomba, kati ya kuamini na kutupa,
liwepo sanduku la tatu.
Bosi alilizungushia wino mwekundu
akaweka alama ya kuuliza, kubwa kama ndoano.
Alitaka nifafanue.

Usiku huu ndio nafafanua, Gurpal amesinzia,
magari yanapita juu na majina ya dakika tano tano.
Nimefuta mara mbili. Nimebakiza hili:
mama hakufungua mlango kwa "mimi,"
lakini akishauliza,
kabla hajajibiwa,
alisogeza pazia.